Nani Mwenye Kopo? Umilikaji wa Viwanda vya Vipodozi na Ngozi ya Mlaji wa Mpanda

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuzitaja njia kuu za uchumi kwa kuhesabu ardhi, madini, mabenki, reli na viwanda vikubwa. Kopo la mafuta ya kujipaka halimo katika hesabu hiyo. Mkada akilitaja hucheka, au hulitaja kama mfano wa kasumba, halafu hupita. Makala haya yanashikilia kwamba kulipita ni kosa la uchambuzi. Kopo hilo limetoka kiwandani. Kiwanda kina mwenyewe. Mwenyewe huyo ndiye aamuaye kitakachotiwa ndani yake. Na kinachotiwa humo huingia mwilini mwa mkulima na mfanyakazi kila siku anapotoka kuoga. Basi tukiuliza nani anamiliki mgodi, hapana budi tuulize pia nani anamiliki kopo, na mtu akiungua ngozi mwenye kopo atamjibu nani.

Tuchukue Mpanda, kwa sababu mji huu wenyewe ulikuzwa na suala la umilikaji. Tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua lilijengwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kuifuata risasi iliyochimbwa hapa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kampuni ikaondoka, reli ikabaki. (Jiwe la risasi huitwa galena, na unga wa jiwe la namna hiyo umesagwa katika wanja tangu enzi za Mafarao, kwa hiyo Mpanda na vipodozi vina undugu wa zamani kuliko tunavyodhani.) Leo mji huu ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mkoa unatoa tumbaku, mpunga, mahindi, karanga, asali na nta ya Inyonga, na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Sehemu kubwa ya mali hiyo inatoka ikiwa ghafi. Inayorudi, kwa treni na kwa malori, imo ndani ya makopo, chupa na vipande vilivyofungwa kwa karatasi za rangi.

LUGHA YA KOPO

Mhakiki wa fasihi husoma kitabu. Sisi tusome kopo. Maandishi makubwa ya mbele ni ahadi: ngozi laini, ngozi nyororo, ngozi "inayong'aa", neno ambalo siku hizi linafanya kazi ya neno "nyeupe" bila kulitamka. Picha ni ya mtu ambaye hajawahi kupalilia tumbaku. Geuza nyuma. Hapo herufi zinapungua hadi kuhitaji miwani, na lugha inahama: mara Kiingereza, mara Kifaransa kwa yale yanayovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Viungo vimeandikwa kwa majina ya kikemia. Tafuta mwenye kiwanda. Mara nyingi utakuta kopo "limetengenezwa kwa ajili ya" kampuni fulani ya mji fulani. Lakini aliyetengenezewa si aliyetengeneza. Kiwanda chenyewe hakitajwi. Makopo mengine hayana hata hilo: hayana tarehe, hayana namba ya toleo, hayana anwani.

Huu ni uandishi wenye ufundi mkubwa. Kila kinachomvuta mlaji kimekuzwa, na kila kinachomwezesha kudai haki kimedidimizwa. Haki itendeke: yapo makopo yanayotaja mambo yote waziwazi, na mafuta ya mgando ya kawaida ambayo akina mama wengi huwapaka watoto hayana siri kubwa ndani yake. Tatizo ni kwamba katika rafu moja ya duka la sokoni kopo la kweli na kopo la uongo husimama bega kwa bega, kwa bei zinazokaribiana, na mnunuzi aliyeacha shule darasa la saba ametakiwa awe mkemia.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu na sabuni za kujichubua, umeoteshwa na hali hiyo. Ndani yake hukutwa haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huiacha ngozi na madoa meusi yasiyofutika, hasa ikichomwa na jua. Hukutwa pia steroidi, ambazo ni dawa ya hospitali na hufanya ngozi kuwa nyembamba hata jeraha dogo likakawia kupona. Tafakari maana yake kwa mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, ambaye kuanzia asubuhi hadi jioni hana kivuli. Bidhaa iliyobuniwa kwa ajili ya mtu wa ndani ya nyumba inauzwa kwa mtu wa shambani, na madhara yake yanakuwa makubwa zaidi kwa yule ambaye kazi yake ni jua.

ZEBAKI ILIYOKATAZWA KWAO

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa sabuni ya zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na huku ikizuia hupenya mwilini na kwenda kukaa katika figo. Jambo hili halikufichika. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza uchunguzi wao juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo: zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa watumiaji wa krimu za kujichubua zenye zebaki.

Mwaka 1976 nchi za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya zilipitisha agizo lililoiondoa zebaki katika vipodozi vya watu wao, isipokuwa kiasi kidogo katika rangi za macho. Agizo hilo lililinda soko la Ulaya; viwanda halikuvifunga. Sabuni ya zebaki iliendelea kutengenezwa Uingereza na Ireland kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Sheria ya Ulaya ya kukataza kuisafirisha nje ilikuja mwaka 2003. Mkada ahesabu mwenyewe: miaka 27 kati ya siku walipokiri kwamba ni sumu kwa mtoto wao na siku walipokiri kwamba ni sumu kwa mtoto wetu. Soko lilijulikana vizuri hata majina yakachaguliwa katika lugha yetu. Sabuni iliyoitwa Jaribu ilikuwa miongoni mwa zile zilizopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1998. Aliyelichagua neno hilo alikijua Kiswahili chake.

Watu wa Katavi wana sababu ya kuisoma sura hii kwa makini kuliko wengine. Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyetumia maisha yake kuwachunguza waathirika wa zebaki wa Minamata, alikuja na wenzake kupima watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Walikuwa wakiitafuta zebaki ya machimbo ya dhahabu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 walieleza kwamba walikuta pia wakazi wa Mwanza wenye zebaki nyingi mno katika nywele zao, na chanzo chake kilikuwa sabuni ya kuogea. Sasa nenda katika machimbo yetu ya dhahabu. Kijana anayekamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma juu ya kibati anajua anachezea sumu, hata kama hana glovu. Mwambie aogee zebaki hiyo, atakuona umerukwa na akili. Lakini nyumbani kwake kipande cha sabuni kinaweza kuwa kinafanya kazi hiyohiyo juu ya uso wa mkewe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mwaka uleule ambao mkataba huo uliuweka kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki ya kuzidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kipimo hicho kidogo. Hayo ni maendeleo. Ila tunapoitisha semina ya zebaki, mara nyingi tunawaita wachimbaji peke yao. Wenye maduka na wasusi wa saluni tunawasahau, kana kwamba sumu inajua kutofautisha shimo na sebule.

TULIPIGA USO, TUKAACHA KIWANDA

Hapa yatupasa kujihoji wenyewe, maana Chama hakikuwa kimya katika suala hili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zilipigwa marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wanawake walivamiwa na makundi ya watu pale Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Magazetini ukazuka ubishi mkali, na baadhi ya barua za wakati ule zilionyesha uchambuzi mzuri kuliko ule wa viongozi wa operesheni.

Utambuzi wa operesheni hiyo ulikuwa na ukweli. Kwamba mtu aliyetawaliwa hufundishwa kuichukia ngozi yake, na kwamba chuki hiyo ni soko, hilo ni kweli na litaendelea kuwa kweli. Kosa lilikuwa katika kuchagua adui. Krimu ilikuwa na mambo manne: mwenye kiwanda, mwagizaji, mwuzaji na mpakaji. Operesheni ilimkamata wa nne, ambaye ndiye mnyonge kuliko wote, tena mara nyingi ni msichana aliyekuja mjini kutafuta kazi. Mwenye hisa hakuguswa. Hakuna aliyemzuia barabarani kumpima urefu wa faida yake. Ni ajabu kidogo kwamba haya yalitokea miezi ishirini na kitu tu baada ya Azimio la Arusha, ambalo lilitufundisha kumtafuta mnyonyaji katika umilikaji wa mali, na wala si katika mshono wa gauni.

Na viwanda vilipokuwa vya umma? Hapa makada wengi hupenda kunyamaza. Soko la sabuni la Afrika Mashariki lilikuwa limezoea kulishwa kutoka Nairobi, katika viwanda vya East African Industries ambamo Unilever iliingia mwaka 1953. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, viwanda vyetu vilitakiwa kuliziba pengo hilo wakati ambapo fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, mafuta yamepanda bei, na muda si mrefu vita vya Kagera vikaanza. Sabuni ikawa bidhaa ya foleni na ya kugawiwa kwa kibali kupitia Kampuni za Biashara za Mikoa. Katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa vilikofichwa. Shirika la Viwango Tanzania lilikuwa limekwisha anzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lakini mlaji anayetafuta kipande kimoja kwa siku tatu haulizi kiwango. Anauliza kama kipo.

Funzo la kipindi kile lielezwe bila woga. Kiwanda kuwa mali ya umma kulitupa haki ya kukiuliza. Hakukutupa moja kwa moja ukumbi wa kuulizia. Mwanakijiji wa Mwese hakuwa na mahali pa kuipeleka sabuni mbaya zaidi ya kumnung'unikia mwuza duka. Halafu biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, kila aliyeweza kuingiza mali akaingiza, na makopo yakaja kama mafuriko. Walaji walioona dhiki ya foleni waliyapokea kwa shangwe, na nani angewalaumu?

Sheria ilikuja nyuma ya mafuriko. Mwaka 2003 ilipitishwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi na mamlaka yake, TFDA, ikaanza kazi. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi zikawekwa katika orodha ya viambato visivyoruhusiwa katika vipodozi. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS, na TFDA ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Wakaguzi wamekamata shehena nyingi na kuziteketeza, na kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini moto wa shehena unamfilisi mchuuzi aliyeikopea fedha. Aliyeitengeneza anatengeneza nyingine kwa jina jingine na rangi nyingine ya karatasi.

JINA HALIHAMI, MWENYE JINA ANAHAMA

Ubepari wa leo umeongeza fundo jipya katika kamba hii: majina kununuliwa na kuuzwa kama ng'ombe mnadani. Huko Marekani watu weusi waliokatazwa milango ya viwanda vya wazungu walijijengea viwanda vyao vya mafuta ya nywele, kama Soft Sheen ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 1964. L'Oréal ya Ufaransa iliinunua mwaka 1998, na mwaka 2000 ikainunua Carson yenye jina la Dark & Lovely. Karibu na kwetu, Interconsumer Products ya Nairobi, iliyoanzishwa na Mkenya Paul Kinuthia katika miaka ya 1990 kwa mtaji mdogo sana, ililikuza jina la Nice & Lovely hadi likawatisha wakubwa. Mwaka 2013 L'Oréal ilikinunua kitengo chake cha vipodozi. Kwa mnunuzi wa Mpanda kopo lilibaki na jina lilelile. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye kopo amehamia Paris.

Mzalendo mwenye haraka atadai kwamba ubora hushuka mara kopo linapouzwa kwa mgeni. Si lazima. Kampuni kubwa ina maabara, ina wataalamu, na inaogopa aibu ya hadharani kuliko kiwanda cha uani. Bepari mzawa naye anaweza kutia sumu kwa mkono mweusi kabisa. Kinachohama kwa hakika ni mahali pa uamuzi: nani atabadilisha viungo, lini bidhaa itaondolewa, na mlaji wa nchi gani atasikilizwa kwanza.

Hilo la mwisho lilionekana wazi katika poda ya watoto ya Johnson & Johnson. Poda hiyo ilitengenezwa kwa jiwe la talki, ambalo ardhini huweza kukutwa pamoja na asbesto. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama katika mji wa St. Louis liliamua kampuni iwalipe wanawake 22 na familia zao dola bilioni 4.69, kiasi ambacho rufaa ilikipunguza baadaye. Kampuni imekana siku zote kwamba poda yake ina madhara. Hata hivyo mwaka 2020 ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada. Kwingineko duniani iliendelea hadi mwaka 2023. Kama poda ni salama, kwa nini iondolewe Chicago? Kama si salama, kwa nini ibaki miaka mitatu zaidi katika nchi nyingine? Jibu halihitaji elimu ya kemia. Mlaji wa St. Louis ana mahakama inayoweza kuifikia mifuko ya mwenye kiwanda, na mlaji wa Mpanda hana.

KIKUNDI CHA SABUNI

Wapo watakaosema dawa ni vikundi vyetu wenyewe. Halmashauri zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na karibu kila mahali mradi unaopendwa ni sabuni. Tuunge mkono, lakini tusiimbe. Sabuni ni mafuta na magadi makali, yaani kostiki soda. Kipimo cha kostiki kikizidi, au sabuni ikiuzwa kabla haijakaa wiki kadhaa ikaiva, inachoma ngozi bila kujali kwamba imetengenezwa na ndugu zetu. Kumiliki sufuria hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu wa vipimo.

Na vipimo viko mbali. TBS ina utaratibu mzuri wa kuwapa wajasiriamali wadogo alama ya ubora bila malipo kwa miaka ya mwanzo, kwa utambulisho wa SIDO. Lakini maabara yake kuu iko Ubungo, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda. Wakati huohuo nta ya Inyonga, ambayo ndiyo uti wa krimu bora za ngozi tangu watu walipojifunza kuichanganya na mafuta na maji, inauzwa kwa kilo na kwenda zake. Karanga tunazo. Mawese yapo kwa jirani zetu wa Kigoma. Kinachokosekana kati ya mzinga na kopo ni ujuzi na kipimo, na hivyo viwili kamati za siasa za kata zinaweza kuvidai katika bajeti ya halmashauri kama zinavyodai zahanati.

Vifaa vya kuanzia si ghali: mizani ya gramu, karatasi ndogo za kupima ukali wa magadi, na daftari la kuandika tarehe ya kila mchemsho, vipimo vyake na jina la aliyeuchemsha. Jina hilo na mahali alipo mwenye nalo viandikwe pia juu ya karatasi ya sabuni, kwa Kiswahili, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la sabuni yenyewe.